Saba na Moja ni Kumi

Jumatano, 3 Septemba 1997

Leo nimepata dili la maisha yangu. Hata baridi ya Sekei, huku Arusha mjini, siisikii.

Kwanza barua ya Baba kutoka Akheri. Fupi kama kawaida yake. Kaandika kwamba tangu nimalize fomu foo nakaa kwa dada Eunike namaliza unga wake, na sasa basi. Mwezi huu ukiisha, ama nirudi nyumbani na karatasi ya chuo, ama nirudi na godoro langu. Kahawa inangoja. Hata salamu za mbuzi hakuweka.

Kahawa! Miaka mitatu nimeikimbia ile mibuni, bado inanidai.

Pili, tangazo. Limebandikwa mlangoni kwa kina Richard, wenye duka la vifaa vya ujenzi. Chuo kipya cha kompyuta kinafunguliwa hapa hapa Sekei. Kompyuta sita! Ada inatisha, lakini kuna nafasi moja ya bure kwa kijana atakayeshinda mtihani wa besi za namba na polinomia. Jumamosi tarehe 20. Kalkuleta ruksa. Mwenye chuo ni Mwalimu Ephraimu, mstaafu, kafundisha hesabu miaka thelathini.

Nafasi moja. Na mimi hesabu nilipata F. Tena F iliyosimama wima, haina hata aibu.

Tatu, koti. Dada ni fundi cherehani, anawapunguzia watu makoti ya mitumba ya Mama Anande wa soko la Tengeru. Leo kanipa koti moja la kijivu nifumue bitana. Kwenye mfuko wa ndani kuna kitu kigumu. Natoa: kalkuleta! Na si ile ya muuza nyanya. Ina mabatani hamsini na ina mahali pa kuandika programu. Niliwahi kusoma habari zake kwenye gazeti lililofungia maandazi. Unaipa maagizo mara moja, inayakumbuka, halafu inafanya kazi yenyewe na wewe unakaa.

Dada kanilazimisha nikamuulize Mama Anande kwanza. Mama Anande kasema yeye ananunua robota la makoti, hanunui vidude, nichukue nimwache auze.

Mpango basi. Naifundisha mashine hesabu. Mashine ijue, mimi ninakili. Dada kauliza, si rahisi zaidi nikijifunza mwenyewe? Masikini dada. Elimu ya zamani ile.

Alhamisi, 4 Septemba

Mashine ni mgonjwa.

Nimeipima kwa hesabu ya chekechea. Saba jumlisha moja. Ikasema 10. Nikafuta, nikarudia. 10. Tatu jumlisha mbili ikasema 5, sawasawa. Lakini batani ya 8 imekufa, ya 9 nayo imekufa. Unabonyeza, kimya. Na kwenye kioo, pembeni ya namba, kuna kaduara kadogo kama uchafu ulioingia ndani.

Nikiwa katika huzuni hiyo akaja Richard. Huyu tulimaliza naye shule, yeye akapata C ya hesabu, na tangu siku hiyo anatembea na kalamu mbili mfukoni mwa shati. Naye anafanya mtihani. Mazoezi anaandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji ya dukani kwao. Kaitazama mashine sekunde tano, kasema haina ugonjwa wowote, imewekwa tu kwenye besi nane, nibonyeze batani moja pale juu irudi kawaida. Na kidole kishanyooshwa!

Nikaificha chini ya koti. Watu hawapendi kuona mwenzao ameshika kitu. Nikamwambia, mzee wa saruji, baki na saruji yako. Akacheka, akaondoka anapiga mluzi wa kwaya.

Nimechoka na mpango haujaanza.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeenda kwa Sironka, fundi redio, kibanda chake kipo nyuma ya stendi. Jitu kubwa, mikono kama koleo, lakini skrubu ndogo anazishika kama mama anavyoshika sikio la mtoto. Kaifungua, katoa betri, kasugua kwa spiriti, kapuliza kama anawasha moto wa kuni mbichi. Kisha katoa hukumu: chumvi. Robota limetoka Ulaya kwa meli, chumvi ya bahari imeingia kwenye mitambo.

Karudisha betri. Saba jumlisha moja. 8!

Batani za 8 na 9 zimefufuka. Kaduara kameondoka. Skrubu moja imebaki mezani, Sironka kasema hiyo ni ya akiba. Kanionya pia kwamba betri zimechoka na za aina hiyo Arusha nzima hazipo, nisiichezee ovyo.

Nilipita dukani kwa kina Richard makusudi nikamwambia: chumvi. Kanitazama. Kasema, sawa injinia.

Jumatatu, 8 Septemba

Siku tatu nzima na kitabu nilichookota Tengeru. Hakina jalada. Panya alianza kula kwenye mifano na akashibia kwenye majibu. Kwa hiyo kila kitu natafuta mwenyewe.

Lakini nimeona! Besi ni namna ya kuhesabu tu. Sisi tunajaza tisa halafu tunaandika 10. Watu wa besi nane wanajaza saba halafu wanaandika 10. Kwao saba na moja ni kumi. Nilicheka peke yangu, kama ule ugonjwa wa mashine! Dunia ina vituko. Nikageuza ukurasa.

Halafu likaja jambo kubwa. Chukua namba ya besi mbili, 1101. Shika tarakimu ya kwanza. Zidisha kwa mbili, ongeza inayofuata. Zidisha, ongeza. Zidisha, ongeza. Unapata 13. Nikahamia kwenye polinomia, zile za x na vipeo vyake. Shika namba ya kwanza. Zidisha kwa x, ongeza inayofuata. Zidisha, ongeza. Ni kitu kile kile! Namba ya besi ni polinomia iliyovaa koti. Niliruka juu, dada akadondosha sindano, tukaitafuta sakafuni nusu saa nzima huku ananiita majina ya ukoo.

Maana yake programu moja inatosha kwa mtihani wote. Nimeibatiza Meru.

Tatizo ni kwamba Meru inakosea. Naruka hatua moja kwenye kuiandika, jibu linakwenda Moshi. Na ili nijue kama imekosea lazima nifanye kwanza kwa mkono. Nafanya kwa mkono, naipa mashine, hazifanani, narekebisha, nafanya nyingine kwa mkono. Kaunta buku lote limejaa mpaka kwenye jalada. Usumbufu gani huu! Mashine inakaa, kazi nafanya mimi.

Dada kachungulia kaunta buku. Kauliza, Sadoki, si umeshajua sasa? Nikamwambia hajaelewa. Lengo si kujua.

Jumatano, 10 Septemba

Meru inafanya kazi! Maswali arobaini, haijakosea hata moja. Nilihakikisha yote kwa mkono. Nimeongeza na kipande cha kutafuta pale polinomia inapotoa sifuri: inajaribu namba moja baada ya nyingine mpaka inaipata. Vidole vinauma.

Mchana kaja Richard na kipande chake cha mfuko wa saruji, amekwama. Nilikuwa uani namenya ndizi za mchana, mikono myeusi kwa utomvu. Kanisomea swali, polinomia yenye kipeo cha tatu, x ni nne. Nikamjibu huku namenya. Kakaa kwenye kigoda, kakokotoa kwa kalamu zote mbili, na alipofika mwisho akapata lile lile. Kanisomea jingine. Nikamjibu. La tatu la besi, nikamjibu, ndizi ikaingia kwenye sufuria. Kanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe anapanda mti.

Kasema, Sadoki, wewe hukihitaji kile kidude.

Unaona ujanja? Anataka niende mtihanini mikono mitupu! Mwenzako akisema hukihitaji kitu, ujue anakitaka yeye. Alipoondoka nikaanza kutafuta maficho. Chini ya godoro, hapana, hapo hata polisi wanaanzia. Nikaona debe la mahindi kule stoo. Nimeifunga mashine kwenye kipande cha kitenge, nikaizamisha mpaka kiwiko. Dada alikuwa anasema kitu juu ya debe huku cherehani inanguruma. Nilimwitikia ndiyo.

Ijumaa, 12 Septemba

Debe halipo.

Halipo! Alama ya duara sakafuni, punje tatu, basi.

Dada anashona kwa utulivu wa kuudhi. Jumapili ni sikukuu ya mavuno huko Akheri. Mzee Aminiel, mzee wa kanisa, alipita asubuhi na pikapu kukusanya sadaka za wana wa usharika wanaoishi mjini. Dada kama kawaida katoa debe la mahindi. Kasema aliniambia mara tatu na mara tatu niliitikia ndiyo.

Nikashuka Tengeru, kutoka hapo mpaka Akheri kwa miguu, mlima hauna huruma. Nimemkuta Mzee Aminiel kwenye stoo ya kanisa na daftari lake. Nikatoa shikamoo ndefu. Nikaeleza. Kanisikiliza mpaka mwisho, kanionyesha mstari: Eunike, mahindi, debe moja. Kasema limeshapokelewa na limeshaombewa. Kilichoingia humu hakitoki ila kwa mnada, Jumapili, mbele ya watu wote. Nikasema mzee, hiyo si sadaka, ni kalkuleta. Kasema Bwana hakuuliza ndani ya debe kuna nini. Mwaka juzi mtu alisahau saa yake kwenye gunia la maharage. Aliinunua mnadani kama wengine, na akabarikiwa.

Wakati wa kurudi nimepita nyuma ya nyumbani, nimeinama katikati ya migomba ili Baba asinione sina karatasi wala godoro. Yeye hakuniona. Mbwa kaniona, kanisindikiza akibweka mpaka barabarani.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika polepole. Leo sina haraka ya kitu.

Ibada ikaisha, watu wakatoka, mnada ukaanza majanini. Mikungu ya ndizi, mayai, jogoo mmoja aliyekataa kushikwa. Mzee Aminiel akainua mashine yangu juu. Akauliza jamani hiki ni nini. Mmoja akasema ni redio iliyokosa sauti. Mwingine akasema ni ya kuwashia televisheni. Mzee akaanza kubonyeza, kila batani, moja moja, ili watu waone inawaka. Nikapiga kelele asibonyeze! Usharika mzima ukacheka. Mama mmoja akasema mwacheni mzee abonyeze, naye ana hamu.

Nilidhani nitakuwa peke yangu. Wapi! Bibi Elifuraha, jirani yetu, akaitaka. Hana televisheni, hana umeme, lakini amesema mtu huanza na kimoja. Nikipanda, anapanda. Nikipanda, anapanda, tena anatabasamu, meno mawili. Mfuko wangu ukaisha mapema sana. Nikabaki nimesimama mkono juu, mdomo hauna namba.

Ndipo sauti nyuma yangu ikataja bei ya mbuzi mzima.

Baba. Na kofia yake ya ibada, hanitazami, anamtazama Mzee Aminiel. Watu wakageuka. Bibi Elifuraha akasema mwenye wazimu apishwe njia, akakaa.

Baba akaifunga mashine kwenye leso yake, akaniletea. Akauliza kitu kimoja tu, kama hiki kidude ndicho kinacholeta karatasi. Nikasema ndiyo Baba. Akasema basi hana haja ya kujua ni nini. Atamshusha yule mbuzi mweupe sokoni Jumatano. Akaenda kubeba mkungu alioununua.

Njia nzima ya kurudi Sekei macho yalikuwa yanawasha. Vumbi la Septemba.

Jumatano, 17 Septemba

Mashine iko ndani ya leso ya Baba, haijaguswa tangu mnada. Nimeweka nadhiri sitaifungua mpaka mtihani, betri zisije zikanifia.

Kwa kukosa la kufanya nafanya hesabu kwa mkono. Si kwamba zina faida, ni kupitisha muda tu. Dada kanituma uzi, nikawa nageuza namba za magari yanayopita kuwa besi nane, kisha besi mbili. Zidisha, ongeza. Kurudi nagawanya, nashika baki. Nimefika dukani nimesahau rangi ya uzi.

Richard kanisimamisha. Kashauri nipime mashine kabla ya siku yenyewe, mzee kule mnadani ameibonyezabonyeza. Habari zinakimbia! Nimemwambia betri zangu zinamhusu nini.

Jioni mtu wa Akheri kapitisha salamu. Mbuzi mweupe ameshuka Tengeru leo na hajapanda. Nimetoka uani nikakaa kwenye kigoda kidogo.

Jumamosi, 20 Septemba

Mtihani umepita. Nimemaliza, na mimi nimeisha.

Tulikuwa kumi na mmoja. Kompyuta zimefunikwa vitambaa vya maua kama vichanga waliolala. Mwalimu Ephraimu kasema kalkuleta ni kama jembe, halijui shamba ni la nani, lakini kila mmoja aiweke kando kwanza, asiitumie mpaka apite dawati kwa dawati kuikagua. Maswali ishirini. Ameweka namba ndogo ndogo, kasema hataki kuwatesa wasio na kalkuleta.

Mimi nilikaa dawati la mwisho. Mzee anatembea taratibu, goti linamsumbua. Kwa kupoteza muda nikaanza kuyafanya kwa mkono. Zidisha, ongeza. Aliponifikia nilikuwa nimemaliza yote ishirini na nachora mbuzi pembeni. Kaifunua leso, kaikagua mashine, kaifunika tena, kaitikia kwa kichwa, kaenda kukaa.

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Nikaifungua leso. Nikaipima kwanza, mimi si mjinga. Mbili jumlisha mbili, 4. Tano jumlisha moja, 6. Nzima kabisa! Pembeni ya namba kulikuwa na kaduara kadogo, unga wa mahindi ya dada. Nikafuta kwa kidole, hakafutiki. Unga umeingia ndani. Si kitu.

Nikawasha Meru.

Swali la kwanza, geuza 1101011 ya besi mbili iwe namba ya kawaida. Mimi niliandika 107. Mashine ikasema 153.

Nikarudia. 153.

Swali la saba, polinomia, x ni tano. Mimi 36. Mashine 44. Swali la kumi na mbili, tafuta x inayotoa sifuri. Mimi niliandika −1, 2 na 3. Mashine ikakubali 2, ikakubali 3, lakini mahali pa −1 ikaandika 37777777777. Tarakimu kumi na moja! Namba kama ile mkono wa mtu hauwezi kuipata, ndiyo maana sikuipata.

Nikakaa natazama majibu mawili, langu na la mashine. Nilikuwa na uhakika na 107. Niliiona ilivyojengeka, ngazi kwa ngazi. Lakini nikakumbuka leso iliyolala hapo mezani ni ya nani. Yule mbuzi mweupe hakuuzwa ili mimi nitumie kichwa changu.

Nikachukua rula. Nikakata majibu yangu yote yaliyopishana na mashine, mstari mmoja mmoja, safi, nikaandika ya mashine pembeni. Richard alikuwa mbele yangu anatafuna kalamu ya pili. Nilimwonea huruma.

Jumanne, 23 Septemba

Richard amepata kumi na nne. Nafasi ni yake.

Mimi nimepata tatu.

Mwalimu Ephraimu kaniita pembeni, dirishani. Alikuwa ameiinua karatasi yangu kwenye mwanga ili asome chini ya mistari. Kauliza nani alikata majibu haya. Nikasema mimi. Kasema yote yaliyokatwa ni sahihi. Ukiyarudisha ni ishirini kwa ishirini, na katika miaka thelathini amewahi kuona hivyo mara mbili tu. Kauliza kwa nini basi. Nikasema, mashine.

Kavua miwani. Kaifuta muda mrefu sana kwa mtu mwenye miwani safi. Kasema jibu lililokatwa limekufa, hawezi kulisahihisha, angekuwa amewaonea wenzangu. Lakini Januari kuna nafasi nyingine moja ya bure. Nije. Nije na kalamu tu. Kalirudia hilo mara mbili: kalamu tu.

Nje Richard alikuwa ananingoja. Hakucheka, na hiyo iliniuma zaidi. Kasema pole. Kasema mzee wa mnada aliirudisha mashine kwenye besi nane, kile kiduara ni alama yake, batani moja tu ingetosha. Tena kasema mashine ile ina besi zote ndani yake tangu kiwandani, sikuwa na haja ya kuandika hata hatua moja ya kugeuza besi.

Nikampa mkono wa hongera. Nikamwambia asinitie chumvi kwenye kidonda, tatizo ni unga. Ajabu ya mtu huyu, anaona wivu hata akishinda.

Alhamisi, 25 Septemba

Godoro kichwani kutoka Tengeru mpaka Akheri. Linaona kila mtu, na kila mtu analiona. Bibi Elifuraha alikuwa njiani. Kaniuliza televisheni inaendeleaje.

Baba alikuwa kwenye mibuni. Kalitazama godoro. Kaacha kikapu, kaja kushika upande wa pili, tukaliingiza pamoja. Baadaye, tunakula loshoro, mahindi yetu ya mtindi, kauliza kama kidude bado kizima. Nikasema ndiyo. Akasema basi mbuzi hajapotea.

Nikaweka bakuli chini. Nikamwambia kuhusu Januari. Alifikiri. Akasema Januari si mbali, kahawa itakuwa imekwisha kuvunwa.

Dada alinifungia kaunta buku langu kwenye kitambaa kizuri, kalishonea na ukingo, kaniambia nikisahau kila kitu nisisahau hiki. Kitanda cha huku kina mguu mmoja mfupi. Nimelichomeka hapo chini. Limeenea kabisa, kitanda hakitikisiki.

Jumapili, 28 Septemba

Siku tatu za kuchuma kahawa. Mgongo si wangu tena. Lakini kichwa kinafanya kazi, na nimepata dili.

Tatizo la Januari ni moja: bila mashine. Kwa hiyo lazima nijifunze kufanya bila mashine. Na nani atanifundisha? Mashine! Naandika programu mpya, Kilimanjaro, maana ni kubwa kuliko Meru. Inaniuliza swali, najibu kwenye karatasi, inanionyesha jibu, najisahihisha. Kila siku baada ya kuchuma. Ikifika Januari nitakuwa najua kila inachojua. Sijui kwa nini sikulifikiria hili mapema.

Leo baada ya ibada nimekaa chini ya ukuta wa stoo nikaifungua leso. Kaduara bado kapo. Unga wa Akheri unaganda. Nikaanza na swali jepesi, la kupasha moto tu. Saba jumlisha moja.

Nikaandika 8.

Mashine ikasema 10.

Nikarudia. 10. Mwanzoni ningesema ni chumvi, lakini chumvi Sironka aliimaliza. Nimehesabu kwa vidole, nimehesabu kwa punje za kahawa, kila mara napata nane. Nimechoka kubishana. Baba kapita na kikapu kitupu, kauliza linaendaje. Nimemwambia vizuri, ila kumbe bado nina mengi ya kujifunza.

Nimekata 8 yangu. Kwa rula, mstari mmoja, safi.